Naacha udaktari niende sayansi ya ubongo: kazi iko?

Kijana wa Katuba: Jambo wakubwa. Niko Lubumbashi, mwaka wa pili wa udaktari. Moyo wangu uko kwenye nyurosayansi, yaani ubongo na neva. Nimepata chuo nje ya nchi wanaifundisha kuanzia mwaka wa kwanza. Nikimaliza nitafanya kazi gani? Sipati usingizi.

Mama Furaha: Mwanangu, baba anasema nini?

Kijana wa Katuba: Mama, nimeuliza kazi.

Fundi Redio: Utatengeneza vichwa vya wanasiasa. Kazi haitaisha.

Yaya Labo: Mimi niko kwenye masta ya mambo hayo, Ubelgiji. Diploma ya kwanza haikufanyi daktari wa neva, hilo lijue mapema. Utasoma seli, kemia, saikolojia, takwimu, na kuandika programu za kompyuta. Takwimu ndiyo inaangusha watu. Ukitoka unaanza msaidizi wa maabara, au kwenye majaribio ya dawa. Wengine wanahamia akili bandia. Kuongoza utafiti wako mwenyewe, mpaka udoktori, yaani PhD. Profesa Tshala-Katumbay, Mkongo mwenzetu anayechunguza ugonjwa wa konzo, alianza na udaktari.

Mama Furaha: Konzo! Wifi yangu aliolewa Kwango. Njaa ikikaza, mihogo michungu hailowekwi siku za kutosha, sumu inabaki. Mtoto analala mzima, asubuhi miguu imekakamaa. Na haponi. Mpaka leo mimi nikiona muhogo nauliza umelowekwa siku ngapi.

Mzee Kamalondo: Watu wanalilia udaktari, wewe unautupa. Unaficha kitu.

Kijana wa Katuba: Sawa, mzee. Mwezi wa kumi tuliingizwa kwenye chumba cha maiti, nikaanguka. Mara mbili. Tangu mwezi wa kwanza siendi masomoni. Baba anajua naenda. Minervali, yaani ada ya chuo, aliyonipa, dola 600, nimempa mtu anayenitafutia nafasi kule. Si mwizi, tunasali naye.

Fundi Redio: Ukisikia “tunasali naye”, shika mfuko.

Yaya Labo: Risiti ina mhuri wa chuo au wake? Andikia chuo wewe mwenyewe, uliza kama jina lako liko. Halafu maabara yetu tunakata ubongo wa panya vipande vyembamba. Damu iko.

Kijana wa Katuba: Panya nitaweza. Na risiti ameandika kwa mkono kwa sababu mashine yake imeharibika.

Macho Mawili: Uongo mtupu. Mwaka jana, mwezi wa nne, jina hilihili liliuliza hapa kama mwenye mimba ya miezi mitatu anaweza kupanda basi mpaka Kasumbalesa. Leo ana minervali!

Kijana wa Katuba: Ni dada yangu. Nyumbani simu ni moja.

Mama Furaha: Alijifungua salama?

Kijana wa Katuba: Mtoto wa kike, mama.

Mzee Kamalondo: Na baba naye anatumia simu hiyohiyo?

Bachela wa Kwanza: Kaka, silabusi za anatomia bado unazo?

Kijana wa Katuba: Ninazo zote, dola 10. Pitia mlango wa nyuma, baba yuko barazani.