Tupeane uzoefu: kivinjari kilikuumbua wapi?

Mlezi wa Uzi: Wakuu, leo nimeingia steshenari kuchapa barua, nafungua kivinjari nakuta akaunti ya mtu iko wazi. Neno la siri limehifadhiwa, historia ya wiki nzima ipo, mpaka bei za shamba alizokuwa anaulizia. Nimemtoa nikafuta. Wewe yalikukuta wapi?

Kibo77: Kikaoni, kwenye projekta. Niliandika "n" tu, kikajimalizia "nafasi za kazi". Bosi kakaa mbele.

Mama Nasra: Mimi nusura ndoa ivunjike. Baada ya Nasra, mimba mbili zilitoka. Ya tatu sikumwambia mtu, hata mume, nilitaka nivuke miezi mitatu kwanza. Usiku nasoma kwenye simu: damu kidogo ina maana gani, dawa zipi zinaharibu mimba. Kumbe akaunti yangu iko pia kwenye tableti ya mtoto, usawazishaji umewashwa. Wifi alikuja kututembelea, akaishika, akaona yote. Akampigia kaka yake safarini: "Mkeo anatafuta dawa za kutoa mimba." Nililala kwa dada yangu siku kumi na moja.

Tumaini: Mungu wangu.

Fundi Simu: Pole dada. Ungetumia hali fiche.

Bwana Seva: Msidanganyane. Hali fiche haiachi historia kwenye simu, basi. Tovuti bado inakuona. Google walishtakiwa Marekani 2020 kwa hilohilo, na 2024 wakakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu.

Fundi Simu: Aliyemchongea ni wifi, siyo Google! Kwake ingetosha.

Kibo77: Mimi nafuta vidakuzi, vile vijifaili tovuti inavyoacha kwenye kifaa ili ikutambue, kila jioni, niko salama.

Bwana Seva: Hata ukifuta, bado unatambulika. EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za mtandaoni, walipima vivinjari kama 470,000 mwaka 2010, asilimia 83.6 vilitambulika kimoja kimoja kwa fonti, ukubwa wa kioo, majira ya saa na vikorokoro vingine. Tumia Tor Browser, kivinjari cha kuficha utambulisho kinachozungusha mawasiliano yako kwenye kompyuta kadhaa.

Tumaini: Kwa bando hili? Ukurasa mmoja unafunguka ugali ukiwa umeiva. Mama Nasra, mliyamalizaje?

Mama Nasra: Mume alinifuata mwenyewe. Nikampa kadi ya kliniki, akaisoma kimya, akalia. Mtoto ana miezi minane. Wifi hajaniomba radhi mpaka leo.

Fundi Simu: Na tableti?

Mama Nasra: Akaunti yangu nimeitoa siku ileile.