Kompyuta ya kujiunganishia: feni zinazunguka, monita giza. Msaada, niko Chake

KijanaWaChake
Asalam aleikum wakuu. Nimejiunganishia kompyuta ya mwanzo maishani, ya kuhariri video za harusi. Prosesa Ryzen 5 5600 mpya, madabodi B450 ya mtumba kutoka Kariakoo, ram za DDR4 mbili za GB 8, grafiksi kadi RX 580, pawa saplai wati 550. Nikiwasha, feni zote zinazunguka, lakini monita inasema haipati signali kisha inalala. Monita ni nzima, nimeijaribu kwa laptopu ya shemegi. Waya wa HDMI nimeuchomeka nyuma, pale juu penye matundu ya USB. Kuna fundi hapa mtaani kashasema madabodi imekufa, ninunue nyengine. Ninunue kweli? Mzigo mpaka uvuke Unguja uje Pemba, na bwana harusi keshaanza kupiga simu.

FundiMlandege
Waleikum salaam. Usinunue kitu! Pale penye USB ni tundu la madabodi, na 5600 haina grafiksi ndani yake. Yenye nayo ni 5600G. Tundu lile halitoi picha hata ukilisomea dua. Chomeka HDMI kwenye kadi yenyewe, yale matundu ya chini yaliyolala. Na kadi ina waya wake wa umeme, uingie mpaka ulie "ta".

BintiWete
Kaka, tazama na waya wa prosesa, ule wa pini 8 juu kwenye kona. Watu wanachomeka mkubwa wa pini 24 wakadhani wamemaliza. Feni zitazunguka vizuri tu na prosesa haina umeme. Usiuchanganye na wa kadi: wa kadi umegawika 6 na 2, wa prosesa 4 na 4.

BabuRam
Ram hiyo. Zitoe zote, weka moja tu, tundu la pili kuhesabia kutoka kwenye prosesa, sukuma mpaka kikufuli kijifunge. Meno yake yapitishe raba ya penseli kwanza, kwa upole. Hewa ya bahari huku kwetu haina adabu.

KijanaWaChake
Shukran. HDMI iko kwenye kadi, pini 8 imo, ram moja tundu la pili. Bado giza. Ila pembeni ya madabodi kuna vitaa vinne vidogo, kimoja chekundu kimeganda. Kimeandikwa CPU.

FundiMlandege
Ungesema mapema, tungelala. Vitaa hivyo ni CPU (prosesa), DRAM (ram), VGA (grafiksi kadi) na BOOT (diski ya kuwashia), kinachoganda ndipo penye mkwamo. Sasa hesabu: B450 zilitoka 2018, prosesa yako ni toleo la 2022. Kama BIOS, ile programu ndogo ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta, ni ya zamani, bodi haimjui mgeni. Kuna kitufe nyuma kimeandikwa Flash BIOS, cha kutilia BIOS mpya?

KijanaWaChake
Kipo!

BabuRam
Kabla hujakibonyeza, nyanyua prosesa uitazame chini. Prosesa hizi za AM4, yaani za soketi kama ya bodi yako, zina pini zake zenyewe, ikipinda moja unapata taa hiyo hiyo.

FundiMlandege
Kweli kabisa. Pini zikiwa sawa: pakua BIOS ya bodi yako kwenye tovuti ya watengenezaji, jina la modeli lilingane herufi kwa herufi, maana kuna bodi zinazotofautiana neno moja tu. Flashi uiformati kwa mfumo wa FAT32, faili ulipe jina linalotakiwa kwenye kitabu cha bodi. Chomeka kwenye tundu la USB lililotiwa alama, bonyeza kitufe, taa itapepesa kwa dakika kadhaa. Usiguse kitu mpaka iache.

BintiWete
Na tafuta UPS ya kuazima. Umeme wa Chake unavyokatika, ukikatikia katikati ya kazi hiyo ndipo bodi itakufa kweli.

KijanaWaChake
Wallahi imewaka! Pini zilikuwa salama, UPS nimeazima skuli. Nimerudisha ram zote mbili, tundu la pili na la nne, GB 16 zinasoma. Ila BIOS inaonyesha kasi ya ram 2133, wakati kibandiko kimeandikwa 3200. Nimeuziwa feki?

BabuRam
Si feki. Ingia BIOS, tafuta XMP, mpangilio wa kuipandisha ram mpaka kasi ya kibandikoni, iwashe, hifadhi utoke. Ikigoma kuwaka, shusha mpaka 2933. Kisha mpigie bwana harusi.

KijanaWaChake
3200 imekubali.