Fundi kabandika vigae juu ya skridi mbichi (lile tabaka la simenti na mchanga chini ya vigae), leo ananiambia ni baridi ya Kabale!

Wadau, poleni na kazi. Mimi niko macho saa 5 usiku nasikiliza vigae vyangu vinavyopasuka. Tak. Kimya. Tak tena. Kama bisi zinapoanza kwenye sufuria.

Hapa Kabale, Uganda, tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, usiku joto linashuka hadi digrii 10. Wageni wanaokwenda Ziwa Bunyonyi wakiamka wanatembea kwa ncha za vidole. Nikajikaza, nikatandaza mabomba ya maji moto chini ya sakafu ya ukumbi wa nyumba ya wageni, mita 9 kwa 5 na nusu. Msinicheke kwamba ni mambo ya wazungu, shemeji zangu wameshanicheka vya kutosha.

Aliyeweka mabomba sina ugomvi naye. Aliyajaza maji, akayapima kwa presha, akayaacha na presha yake mpaka skridi ikamwagwa yote. Balaa ni huyu wa vigae. Siku ya 11 tu kafika na mwiko wake. Nikamuuliza, "Sebo (yaani bwana), hii imekauka kweli?" Akaipiga kofi: "Mzee, si unaona ilivyo nyeupe?" Nyeupe! Aprili hiyo, mvua kila siku, madirisha hayana hata vioo. Baadaye nilibandika nailoni ya mita moja kwa mita moja kwenye korido aliyokuwa hajafika, nikaziba kingo zote kwa tepu. Asubuhi ndani yake matone yamejaa kama kifuniko cha chungu cha wali. Kumbe nyeupe ni ya juu, ndani uji.

Na nilikuwa nimemwambia! Skridi ya simenti yenye mabomba huachwa angalau siku 21, halafu yenyewe inapashwa moto kabla ya kigae hata kimoja. Maji ya digrii 25 kwa siku 3, kisha unapandisha hadi kiwango cha juu cha mfumo wako, unakaa hapo siku 4, ndipo unashusha pole pole. Maji yaliyobaki yatoke, na kama kuna ufa unaotaka kujitokeza, ujitokeze sasa, kabla haujawa na kigae juu yake. Akanijibu, "Mzee, sakafu si mkate." Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Mimi mjinga nikanyamaza, wageni walikuwa wameshalipia vyumba vya Juni.

Subirini, kuna kubwa zaidi. Aliyemwaga skridi aliacha mwachano, yaani nafasi ya sakafu kutanukia, katikati ya ukumbi, kwa sababu sakafu ya joto haipaswi kuwa kipande kimoja kirefu kupita mita 8. Mita 9 zikipata joto la digrii 20 za ziada zinatanuka kama milimita 2. Huyu bwana kaujaza mwachano ule gundi, kapitisha vigae juu yake! Ukutani nako kasukuma vigae mpaka vikagusana na plasta, hakuacha hata nafasi ya uzi. Leo ufa umepita katikati ya ukumbi umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Mtu atanishawishi kuwa baridi inajua kushika rula?

Nimeng'oa kigae kimoja: vidonge vitano vya gundi, vinne pembeni na kimoja katikati, kwingine kote hewa tupu. Ndiyo maana ukigonga kinalia kama debe, na ndiyo maana boila inaunguza pesa huku miguu inabaki baridi. Mwiko wa meno, ule wa kusambazia gundi kote, alikuwa nao, nimeuona kwenye begi lake, msafi kama wa dukani.

Halafu siku 4 baada ya kumaliza, kawasha boila mwenyewe, digrii 50 moja kwa moja, eti anataka kunionyesha kazi inafanya kazi. Aliondoka anatabasamu. Wiki ile ile tak ya kwanza.

Sasa anapiga simu anadai salio. Nina swali kwa waliowahi kuipitia: mmeng'oaje vigae bila kutoboa mabomba? Yangu yako sentimita 5 chini ya uso wa skridi, nyundo ya umeme naiogopa. Kuhusu salio, lipo kabatini. Aje alichukue, ila aje na patasi.