Msusi mwenye kipara: naombeni ushauri

Mtaa wa Saba: Za usiku wakuu. Nina miaka 29, msusi, Dar. Naumwa lupasi tangu 2021, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Rasta ndogo kichwa kizima nilikuwa namaliza siku hiyo hiyo. Sasa asubuhi vidole vinagoma hata kushika chanuo, juzi twende kilioni tu imenichukua masaa matatu. Nywele zangu za mbele zimeondoka. Msusi mwenye kipara, nani atamletea kichwa? Sendofu tarehe 20. Niajiri binti asuke mimi nisimamie, au nifunge?

Kinyozi Mstaafu: Ajiri. Mimi niliajiri wawili, wakahama na wateja na mashine. Usiajiri.

Bi Mkubwa: Mwanangu, hapo kuna mkono wa mtu.

Nesi wa Zamu: Mkono gani huo unaochagua wanawake 9 kwenye kila wagonjwa 10? Dada, dawa unameza zipi?

Mtaa wa Saba: Dawa niko vizuri.

Nesi wa Zamu: Nimeuliza zipi.

Mtaa wa Saba: Haya. Prednisoloni, vidonge vyangu vya lupasi, nimeacha, leo siku ya tisa. Vilinivimbisha uso. Mashavu yalikuwa andazi, watu wananisifia, "umenawiri, shemeji anakutunza". Siku moja naingia saluni kwangu, kiooni kuna mteja kakaa, nikamwambia karibu. Nilikuwa mimi. Kwenye picha za sendofu nataka niwepo mwenyewe. Uso umeanza kupungua, kwa hiyo najua ninachofanya.

Nesi wa Zamu: Hiyo haikatwi ghafla. Ukiimeza miezi mingi, tezi zilizo juu ya figo zinalala, mwili unategemea kidonge. Ndiyo maana daktari hupunguza kidogo kidogo.

Mpishi wa Chai: Chai hii tangawizi imezidi. Machi si wewe uliyekuwa unauza pikipiki humu, "mimi baba wa watoto watatu"?

Mtaa wa Saba: Akaunti ya kaka yangu.

Mpishi wa Chai: Kila mwongo humu ana kaka.

Kinyozi Mstaafu: Pikipiki bado ipo?

Bi Mkubwa: Hata kama chai, mwacheni anywe dawa.

Mtaa wa Saba: Iliuzwa. Nesi, nikianza na nusu kidonge, uso utavimba tena kabla ya tarehe 20?

Nesi wa Zamu: Usijipimie. Unajisikiaje sasa hivi?

Mtaa wa Saba: Natapika tangu mchana, nikisimama naona giza. Nilijua ni presha ya sendofu.

Nesi wa Zamu: Usisubiri kukuche, nenda hospitali sasa, waambie umeacha prednisoloni. Uko na nani hapo?

Mtaa wa Saba: Kaka ndiye anaandika sasa. Bajaji imefika.