Mjadala: Je, seremala aliyedhulumiwa alistahili kuachiwa ashinde?

Mwanzisha mada
Ndugu wachangiaji, nauleta mbele yenu ule mchezo wa televisheni wa nusu saa unaomhusu seremala na tajiri. Kwa ambao hawakuutazama: tajiri anaagiza mlango wa chumba cha hazina, fundi anaufanyia kazi kwa miezi, na siku ya makabidhiano anaambiwa kwamba kazi ina kasoro na kwamba hatalipwa, huku tajiri akiwatangazia wageni kwamba ubunifu wote ni wake. Baadaye fundi yuleyule anaitwa kurekebisha bawaba, naye anakigeuza kitasa kwa siri ili mlango ukijifunga usifunguke tena kwa ndani. Tajiri anafungiwa humo na kufa, nasi tunamwacha fundi karakanani akifagia maranda, bila polisi wala kesi. Mimi naona waandishi walikosea. Katika mfululizo wa Alfred Hitchcock Presents, ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1955, mara nyingi mhalifu alipoonekana kuponyoka, Hitchcock mwenyewe, mwongozaji wa filamu aliyekitambulisha kipindi hicho, alijitokeza mwishoni kueleza jinsi alivyonaswa. Mtazamaji hakuachwa aamini kwamba kuua kunalipa.

Mpenzi wa Tamthilia
Maelezo yale ya Hitchcock yaliwekwa ili kuwaridhisha wadhamini na walinzi wa maadili ya utangazaji, na hayakuwahi kuwa sehemu ya hadithi yenyewe. Kumbuka kipindi cha mwaka 1958 cha mke aliyemuua mumewe kwa paja la kondoo lililoganda, kisha akawapikia polisi paja hilohilo wakala. Mwishoni tunaambiwa alikamatwa alipojaribu tena kwa mume wa pili, kwa kuwa huyo alisahau kuiwasha friza na nyama ikawa laini. Hakuna aliyefunzwa maadili hapo. Kisasi cha fundi ni cha kale kuliko televisheni: Hephaestus, mhunzi wa miungu ya Wagiriki, alitupwa na mama yake Hera kwa sababu ya ulemavu wake, naye akampelekea kiti cha dhahabu kilichomfunga mara alipokikalia.

Mwanasheria
Hera alifunguliwa hatimaye, baada ya Dionysus, mungu wa mvinyo, kumlevya Hephaestus na kumrudisha kwa miungu. Tajiri wa mchezo huu hakufunguliwa, na hapo ndipo ulinganisho wako unapovunjika. Zaidi ya hayo, sheria haikumwacha fundi mikono mitupu. Katika sheria ya Uingereza, na katika nchi nyingi zilizourithi mfumo wake, aliyekarabati mali ya mtu anaweza kuizuia mpaka alipwe, na haki hiyo humtoka anapoikabidhi kwa hiari. Seremala huyu angekuwa mwangalifu asingehitaji kuua. Tukubali pia kwamba mafundi wenyewe si malaika, kwani ni wepesi wa kupokea malipo ya awali na wagumu wa kuonekana tena.

Seremala Mstaafu
Nilikusudia kusoma tu, lakini sentensi hiyo ya mwisho siwezi kuipita. Malipo ya awali si zawadi kwa fundi. Yananunua mbao, na mbao zikiwa mbichi hazishikwi mpaka zikauke, kwa sababu ukiziranda zina maji, mlango utapinda na utabana kwenye fremu, kisha ataitwa fundi huyohuyo kutukanwa. Mteja haoni kukauka kwa mbao. Anaona siku zinapita, anasema fundi kamkimbia. Na hiyo haki ya kuzuia mali, ndugu Mwanasheria, nieleze: mlango uliokwisha kutiwa bawaba na kusimamishwa kwenye ukuta wa mwenye nyumba nitauzuiaje? Niung'oe usiku, niitwe mwizi?

Mteja
Mzee wetu, heshima yako ipo, lakini mbao zinazokauka hazizuii mtu kupokea simu. Nimewahi kulipa nusu ya gharama ya kabati, nikaenda karakanani nikakuta mbao zangu zimekuwa meza ya mtu mwingine, na aliyefanya hivyo aliniangalia usoni akaniambia nivute subira. Siku hiyo na mimi nilitamani kisasi. Mbona hakuna anayetunga mchezo wa mteja aliyedhulumiwa?

Mwanzisha mada
Naomba turudi kwenye kitasa. Hoja nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, bado haijajibiwa: fundi alimwua mtu kwa kazi yake mwenyewe, akiwa ameitwa kuirekebisha. Kamera ilikaa muda mrefu kwenye kidole gumba kikipapasa makali ya patasi, na sisi watazamaji tukashangilia. Kila anayelala nyuma ya mlango, anayepanda ngazi au kuketi chini ya paa, amemwamini fundi asiyemwona tena. Dhuluma ya tajiri ilikuwa ya fedha na jina, na fundi aliilipiza kwa kuivunja imani hiyo ambayo ufundi wote umesimama juu yake.

Mpenzi wa Tamthilia
Unasema "fedha na jina" kana kwamba ni vitu vidogo. Itazame tena ile sehemu ya wageni: tajiri anaigonga mbao kwa pete yake, anasema "hii niliibuni mimi", na seremala amesimama palepale ameshika kisanduku cha vifaa, hakuna anayegeuka kumtazama. Aliyeandika sehemu hiyo alijua kwamba jina ndilo linalomletea fundi kazi ya kesho.

Seremala Mstaafu
Imani imetajwa, nami nimeisoma, lakini sitakubali idaiwe upande mmoja. Fundi anamwamini mteja kwanza: anamaliza kazi, anakabidhi, ndipo anasubiri kulipwa. Na wewe Mteja, pole kwa mbao zako, aliyekufanyia hivyo ni mwizi na simtetei. Ila nijibu jambo moja: kabla ya kuleta hiyo nusu, vipimo vya kabati ulivibadilisha mara ngapi?