Mjadala: Je, ulinzi mgumu unatosha pale ushambuliaji unapokuwa butu?

Hoja iliyo mezani ni kwamba timu isiyo na makali mbele inaweza kutwaa ubingwa kwa ulinzi pekee, na mfano unaotajwa kila mara ni Ugiriki ya mwaka 2004. Binafsi naikubali nusu tu ya hoja hiyo, kwa sababu wengi wanaoutaja mfano huo hutazama matokeo bila kujiuliza mabao yenyewe yalipatikanaje.

Ni kweli kwamba katika fainali zile za Ulaya Ugiriki ilifunga mabao 7 tu katika mechi 6, na kuanzia robo fainali iliitoa Ufaransa, ikaitoa Jamhuri ya Czech, kisha ikaifunga Ureno mjini Lisbon, zote kwa bao 1-0. Hata hivyo, mabao yote matatu yalifungwa kwa kichwa, na mawili kati yake yalitokana na kona: ya Tsiartas iliyomkuta Dellas katika nusu fainali, na ya Basinas iliyomkuta Charisteas dakika ya 57 ya fainali. Dellas mwenyewe alikuwa beki wa kati, kwa hiyo sidai kwamba ni lazima mshambuliaji ndiye afunge. Ninachosema ni kwamba kocha Otto Rehhagel alikuwa na njia moja ya uhakika ya kupata bao, nao ulinzi ulimpa muda wa kuisubiri.

Uswisi ya Kombe la Dunia la 2006 haitajwi sana, ingawa kwangu ni ushahidi mzito zaidi. Ilicheza mechi 4 bila kuruhusu bao hata moja ndani ya muda wa mchezo, na bado ikatolewa. Dhidi ya Ukraine mjini Cologne, dakika 120 zilimalizika kwa suluhu. Katika penalti, Shevchenko akakosa mkwaju wa kwanza wa Ukraine, lakini Uswisi ikapoteza yote mitatu iliyopiga, ya Streller na Cabanas ikiokolewa na kipa, ya Barnetta ikigonga mtambaa wa panya. Mabeki wale wangedaiwa nini zaidi?

Najua atatokea wa kunijibu kwa Ivory Coast ya 1992, iliyotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika bila kufungwa bao katika mechi zake 5. Ni jibu zuri. Lakini timu hiyo ilivuka nusu fainali kwa matuta dhidi ya Cameroon, na fainali kwa matuta 11-10 dhidi ya Ghana, na sidhani kama kuna kocha atakayeijenga timu yake juu ya tegemeo hilo.

Kwa Taifa Stars jambo hili tumeliona pande zote mbili. Septemba 2023, suluhu dhidi ya Algeria mjini Annaba ilitupa tiketi ya AFCON, kwa kuwa sare ilitosha. Januari 2024, suluhu nyingine dhidi ya DR Congo mjini Korhogo ilituburuza mkiani mwa kundi, wakati ushindi wa aina yoyote ungetuvusha. Mabeki walifanya kazi ileile mara zote mbili. Basi wanaotetea ulinzi pekee waanzie hapo: siku ambayo sare haitoshi, bao litatoka wapi?