Mrejesho: Albertus kwenye jalada la diwani

Ndugu zangu, niliuliza fonti gani nene ingefaa jalada la diwani ya mashairi, nanyi mkanielekeza kwenye Albertus, aliyoibuni Berthold Wolpe kwa ajili ya Monotype, kampuni ya fonti, katika miaka ya 1930. Nawashukuru kwa dhati. Nilipoikuza herufi I niliona kwamba haina vijimkia vya kubandikwa kwenye ncha, bali nguzo ya herufi yenyewe hutanuka taratibu kuelekea ncha, jambo linalotokana na maandishi ya shaba ambayo Wolpe aliyachonga kwa kuchimba pembeni hadi herufi zikainuka. Kwa ukubwa wa pointi 72, jina la kitabu linasimama imara. Maandishi ya ndani nimeyapa fonti nyepesi, kwani Albertus ikipunguzwa hadi pointi 10 mtanuko huo hufifia na ukurasa huwa mzito.